Kamusi Ni Chombo cha Kazi: Uhakiki wa Mipango Miwili ya Maneno

Kamusi ya Kiswahili inapotoka, wahakiki wetu huwa na desturi ya kuuliza maswali mawili: ina maneno mangapi, na je, maana zilizotolewa ni sahihi? Maswali hayo ni ya haki, wala hatukusudii kuyabeza. Lakini liko swali la tatu ambalo aghalabu huachwa, nalo ndilo linalomgusa zaidi mwalimu aliye darasani: je, kamusi hiyo inatumikaje mkononi? Jembe halihukumiwi kwa uzito wa chuma chake peke yake. Hutazamwa pia mpini wake, urefu wake, na jinsi linavyomwinamisha mkulima kutwa nzima. Kamusi nayo ni chombo cha kazi. Mpango wake waweza kumpunguzia msomaji taabu au kumwongezea, waweza kumjengea mazoea mema au kumfukuza kabisa. Katika makala haya tunataka kuihakiki kwa jicho hilo.

Kwa sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi jirani, jambo hili si dogo. Mwanafunzi wa Tanga au wa Mombasa akikwama kwenye neno, humwuliza bibi yake jikoni au muuza kahawa barazani. Mwanafunzi wa Masaka, wa Gulu au wa Huye akikwama, mara nyingi hana mzee wa lugha wa kumwendea. Kengele ya mwisho ikilia, Kiswahili hubaki shuleni pamoja na madawati. Kwake yeye kamusi ndiyo bibi, ndiyo baraza. Ikiwa hawezi kuifungua na kupata anachokitafuta, atamngoja mwalimu hadi kesho, na mazoea ya kungoja yakishaota mizizi ni vigumu kuyang'oa. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Rwanda ilikuwa imekwisha kukipa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017. Maamuzi kama hayo huleta wanafunzi wengi madarasani, lakini hayamfundishi hata mmoja wao kutafuta neno.

Yafaa tukumbushane kwanza kwamba kamusi sanifu si mgeni aliyetujia kutoka mbali. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1930, Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi nne zilizohusika, pamoja na Kenya, Tanganyika na Unguja. Baadaye, kuanzia mwaka 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, makao ya Kamati hiyo yalikuwa Makerere, Kampala. Kazi yake ndiyo iliyorithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi tunapozikosoa kamusi hizi, twakosoa mali ya nyumbani, na mwenye nyumba ana haki ya kusema paa linavuja wapi.

Mipango miwili mikubwa imetuachia alama. Wa kwanza ni ule wa kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson, katibu wa Kamati, ikiwa imejengwa juu ya msingi wa kamusi ya A. C. Madan ya mwaka 1903. Katika mpango huu majina yaliyozaliwa na vitenzi aghalabu hukusanywa chini ya kitenzi kilichoyazaa. Atakaye kujua habari za mpishi, upishi na mapishi huelekezwa kwenye pika. Atakaye mlinzi na ulinzi, kwenye linda. Wa pili ni ule wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi mwaka 1981, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Humo kila jina hukaa mahali pake kwa mujibu wa herufi yake ya kwanza, kiambishi kikiwamo. Mpishi yuko kwenye M, upishi uko kwenye U, na pika liko kwenye P. Kamusi Kuu ya Kiswahili iliyotolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania mwaka 2015 nayo ilifuata njia hiyo ya pili.

Tuanze na sifa za mpango wa kwanza. Fadhila yake ni kwamba huonyesha ukoo. Msomaji anayefungua ukurasa wa soma hukutana kwa pamoja na somo, msomi, msomaji na kisomo; huja kutafuta mmoja akaondoka amewajua watano. Hii ni kazi iliyofanywa kwa akili, kwani Kiswahili chenyewe huzaa maneno kwa njia hiyo, na kamusi inayofuata uzazi wa lugha humfundisha mtu hata pale asipokusudia kufundishwa. Mwalimu anayetayarisha somo la mnyambuliko hupata chakula kilichokwisha kupakuliwa.

Ila yake ni kwamba mpango huu humtaka msomaji ajue kabla ya kuuliza. Ili ampate mlinzi, hana budi kujua kwamba z hiyo ilikuwa d katika linda. Ili ampate mpishi, ajue kwamba sh ilikuwa k. Ili ampate mfuasi, ajue kwamba s ilikuwa t katika fuata. Na mlevi atampata iwapo ajua kwamba v yake ilikuwa w katika lewa. Anayejua hayo yote ni mwanafunzi aliyekwisha kufika mbali, na huenda hana haja kubwa ya kumtafuta mlinzi. Anayeanza ndiye mwenye haja, naye ndiye anayefungiwa mlango.

Isitoshe, si kila neno la Kiswahili limezaliwa na kitenzi cha Kiswahili. Mengi yamekuja kwa jahazi, yakavalishwa nguo za kwetu yalipofika pwani. Kitabu kimetoka katika Kiarabu, na ki- yake haikuwa kiambishi kwa asili, ingawa leo twasema vitabu bila wasiwasi. Mwanafunzi aliyefundishwa kuvua viambishi kwa pupa akikivua kitabu ki- yake ataangukia tabu, na kweli itakuwa tabu. Kamusi ya 1939 haikuwa na kosa hapo, kwani ilikiweka kitabu chini ya K. Lakini msomaji atajuaje ni neno lipi la kuvuliwa na lipi la kuachwa na nguo zake? Kamusi haiwezi kumwambia mpaka awe amelipata.

Tugeukie mpango wa pili. Fadhila yake ni wepesi. Mtu huliona neno katika hadithi, huzitazama herufi zake, huzifuata, naye hulipata. Hahitaji elimu ya sarufi ili afike. Kwa chombo kilichokusudiwa watu wengi, huo ni uamuzi wa busara, nasi tunaunga mkono bila kusita. Licha ya hayo, mpango huu ulikuja na uvumbuzi mwingine mdogo kwa umbo na mkubwa kwa manufaa: mabano ya upatanisho. Baada ya jina huandikwa viambishi viwili, [ki-/vi-], [li-/ya-], [u-/i-], [a-/wa-], na kwa alama hizo chache msomaji hujua kitenzi kitaanzaje katika umoja na katika wingi. Hakuna namba za ngeli za kukariri, wala jedwali la kurudia mwishoni mwa kitabu.

Thamani ya mabano hayo huonekana vema zaidi mbele ya wanafunzi wetu. Katika Luganda, jina lenye umbo la eki- huchukua upatanisho wa ki- hata likiwa la mnyama: ekisolo kidduse, yaani mnyama amekimbia. Mganda anayejifunza Kiswahili huhamisha sheria hiyo kwa uaminifu, akaandika kiboko kimekimbia. Kamusi inamwonyesha kwamba kiboko wa majini ana wingi wa vi- lakini upatanisho wake ni [a-/wa-], na kwamba kiboko kingine, kile cha kuchapia, ndicho chenye [ki-/vi-]. Kwa hiyo kiboko amepotea ni habari ya mnyama, na kiboko kimepotea ni habari njema kwa watoto wa darasa zima. Mabano mawili yametenganisha viumbe viwili ambavyo maelezo ya aya nzima yangeweza kuvichanganya. Hivi ndivyo chombo kilichobuniwa vizuri kinavyofanya: huweka msaada mahali pale pale ambapo mkono huteleza.

Lakini mpango huu nao una gharama, na gharama hiyo haijasemwa vya kutosha. Kwanza, ukoo umetawanyika. Kisomo kiko K, msomi yuko M, somo liko S, usomaji uko U. Ndugu wa tumbo moja wamewekwa katika nyumba nne, na aghalabu hakuna kijia kinachotoka nyumba moja kwenda nyingine. Mwanafunzi hufika haraka, huchukua neno lake moja, hufunga kitabu, akaondoka na neno moja. Pili, kwa sababu ya viambishi vya majina, baadhi ya herufi zimefura, M ikiwa mfano ulio dhahiri, hata kurasa zake zimekuwa msitu ambamo kidole hutangatanga.

Tatu, na hili ndilo la kuzingatia zaidi, mpango wa pili haukufuata sheria yake mpaka mwisho, wala usingeweza. Majina yaliingia na nguo zao, lakini vitenzi na vivumishi vilivuliwa mlangoni. Mzungu yuko chini ya M, ilhali mzuri hayuko; hutafutwa kwenye -zuri, chini ya Z. Mwanafunzi aliyekutana na hakunisomea hatalipata neno hilo popote mpaka aondoe ha-, ku- na ni-, kisha atambue kwamba -ea ya mwisho imeongezwa juu ya soma. Majina nayo huingizwa kwa umoja. Anayetafuta meno sharti ajue jino. Anayetafuta nyuso sharti ajue uso. Anayetafuta ndimi sharti ajue ulimi. Kwa hiyo elimu ya kuvua na kuvika, ambayo mpango wa kwanza uliidai waziwazi, mpango wa pili unaidai kwa siri. Mwanafunzi huambiwa kwamba maneno yamepangwa kwa alfabeti, hutafuta mara tatu asipate, akahitimisha ama kamusi ni pungufu ama yeye ni mjinga. Yote mawili si kweli. Hakuambiwa tu kwamba nyumba ina sheria mbili.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wasemao kwamba tangu mwaka 1981 tatizo la mpango lilikwisha, na kilichobaki ni kununua nakala. Kununua nakala ni jambo jema, lakini kamusi iliyofungwa haina tofauti na tofali. Tatizo lilipungua upande mmoja likabaki upande mwingine, na upande uliobaki ni wa mazoea, ambao mhariri hawezi kuumaliza akiwa Dar es Salaam. Ni wetu sisi tulio darasani.

Nasi tuna akiba ambayo mara nyingi hatuitumii. Wanafunzi wetu wengi wanazungumza lugha za Kibantu majumbani, na elimu ya mizizi wanayo tangu utotoni bila kujua kwamba wanayo. Mganda anasema okusoma, omusomi, omusomesa, essomo na essomero. Mnyarwanda anasema gusoma, umusomyi na isomo. Mtoto huyo hahitaji mhadhara juu ya viambishi. Anahitaji mwalimu atakayemwandikia ubaoni essomo kando ya somo, omusomi kando ya msomi, kisha amwache acheke kwa kuitambua sura ya ndugu yake. Mpango wa mizizi uliokuwa mgumu kwa mgeni wa Ulaya huenda ukawa mwepesi kwa mtoto wa Mukono. Ajabu ni kwamba tumekuwa tukimfundisha mtoto huyu kana kwamba ni mgeni wa Ulaya. Wenzetu wanaofundisha wasemaji wa Acholi au Ateso, ambazo si lugha za Kibantu, wana kazi nyingine, na kwao kuvua viambishi hakuna budi kufundishwe hatua kwa hatua.

Sasa tupime muda, maana kazi isiyopimwa muda haina mwisho. Tuchukue kipindi cha dakika 40. Tukisema kila neno gumu humchukua mwanafunzi dakika mbili kulitafuta, na kifungu kina maneno 10, basi dakika 20 zimekwenda, nusu ya kipindi, na hadithi imekatwa vipande 10 hata haina ladha tena. Mwalimu anayeona hivyo hukata tamaa na kuziandika maana zote ubaoni. Anaokoa dakika 20 za leo na kupoteza uwezo wa mwaka mzima. Dawa si kuiacha kamusi. Dawa ni kubadili utaratibu wa kazi.

Twapendekeza mazoea matatu. La kwanza ni kusoma kifungu chote hadi mwisho kabla ya kufungua kamusi, mwanafunzi akipiga mstari chini ya maneno magumu na kubashiri maana kwa penseli pembeni. Ataona kwamba baadhi ya maneno yamejieleza yenyewe kufikia aya ya tatu. Yaliyobaki huyavua, huyapanga kwa herufi, kisha huyatafuta kwa safari moja kutoka A hadi Z, kama mtu aendaye sokoni na orodha kuliko yule anayerudi dukani kwa kila chumvi na kila kiberiti. Bahati ya kubashiri nayo ina faida: neno lililobashiriwa vibaya kisha likasahihishwa halisahauliki upesi.

La pili ni daftari la ukoo. Kila ukurasa hupewa kitenzi kimoja juu, na chini yake mwanafunzi huandika majina aliyoyakuta yaliyozaliwa nacho, popote pale yalipokuwa yametawanyika. Hivyo mkono wa mwanafunzi hurudisha kile ambacho mpango wa alfabeti ulikitawanya. Maneno matatu kwa siku si mzigo. Kwa siku tano za masomo ni 15, na kwa muhula wa majuma 12 ni 180. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujazwa na mwenyewe, si na mwalimu.

La tatu linatuhusu walimu. Tufungue kamusi siku moja kabla ya kipindi, si mbele ya darasa. Tuchague maneno yatakayotafutwa, tuhakikishe yamo, tuone ni lipi limefichwa chini ya herufi isiyotarajiwa. Pale ambapo kuna nakala moja kwa wanafunzi 50, tuteue mlinzi wa kamusi kila juma, ambaye kazi yake ni kutafuta kwa niaba ya wenziwe na kueleza kwa sauti njia aliyoipita: nimeondoa nini, nimefika wapi, nimepata nini. Hata kingo za kurasa zaweza kutiwa alama za wino ili M iliyofura ionekane inakoanzia. Ni kazi ya saa moja inayookoa saa nyingi.

Wako watakaosema kwamba simu ya mkononi imeyamaliza haya yote. Ni kweli kwamba programu za kamusi hazina herufi zilizofura, na neno hupatikana kwa kuligusa. Hata hivyo programu hurithi sheria za kamusi iliyoingizwa ndani yake: isipotengenezwa ijue kuvua, ukiiandikia hakunisomea itanyamaza. Tena simu hukupa neno moja peke yake, bila jirani wa juu wala wa chini, ambapo katika ukurasa wa karatasi jicho huokota hata lisilolitafuta. Simu imeongeza kasi katika sifa ile ile ya mpango wa pili, na upungufu ule ule ikauacha palepale.

Hukumu yetu basi ni hii. Mpango wa alfabeti ubaki, kwa kuwa mlango wa kamusi haufai kuwa mtihani. Lakini twaomba wahariri wa kamusi za shule, hasa zitakazokusudiwa sisi wa nchi jirani, wafanye mambo mawili yasiyohitaji gharama kubwa. Chini ya kila kitenzi waorodheshe majina yaliyozaliwa nacho, bila maelezo, ili yawe vijia tu vya kuelekea nyumba nyingine. Na katika ukurasa wa kwanza kabisa, kabla ya dibaji na shukrani, waseme wazi kwa maneno mepesi kwamba majina huingia na viambishi vyao kwa umoja, na kwamba vitenzi na vivumishi huingia bila viambishi. Ukurasa huo mmoja ungeokoa wanafunzi wengi wasijidhanie wajinga.

Hadi kamusi hiyo itakapopatikana, iliyopo inatosha kuanzia. Walimu wenzetu, tusiwe sisi kamusi za wanafunzi wetu. Mwalimu huhamishwa, huugua, hustaafu. Na lugha iliyokaa kichwani mwa mtu mmoja huondoka naye siku ya kufunga virago. Aliyefundishwa kumtafuta mpishi, kumfuata hadi pika na kurudi na upishi na mapishi mkononi, huyo hata akiwa peke yake kijijini hatakosa wa kumwuliza.